Haya isituue: maneno kwa vijana wa Ndosho, Goma



Leo hatukuje kuongea juu ya maji wala barabara. Tumekuja kuongea juu ya kitu tunachosema kwa sauti ya chini tu: magonjwa ya zinaa.

Mwenzetu mmoja alishikwa na sopisi. Akaona haya, akaenda ku famasi ya kwenye kona, akanunua vidonge viwili. Maumivu yakapungua, akanyamaza. Mpenzi wake hakusikia kitu, basi hakupimwa. Miezi ikapita, tumbo likaanza kumuuma. Munganga akamwambia ugonjwa umepanda mpaka ku mirija ya uzazi. Leo yule dada hajui kama atazaa.

Vidonge viwili havikutosha. Na kunyamaza ndiko kulimwumiza zaidi.

Tuelewane. Sopisi na klamidia mara nyingi hazionyeshi alama, zaidi kwa wanawake. Kidonda cha kaswende kinapona chenyewe, lakini ugonjwa unabaki ndani, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto. Yote matatu yanapona, kama dozi imemalizika na wapenzi wote wawili wametibiwa. SIDA haiponi, lakini mwenye kumeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane ku vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Na hii tusiisahau: aliyebakwa, ao aliyepasukiwa na kapoti, akimbie ku kituo cha afya mbele ya masaa 72. Iko dawa ya kuzuia virusi vya SIDA. Kila saa inahesabika. Aliyebakwa hana kosa. Tumsindikize, tusimuulize alivaa nini.

Kwa viongozi tunasema: dawa na vipimo visikosekane ku vituo, na jina la mgonjwa lisitoke ku mlango wa munganga. Toka 2008 nchi yetu iko na sheria inayokataza kuwabagua wanaoishi na virusi. Iheshimiwe.

Kwetu sisi tunasema: kapoti kila mara. Tupime wawili wawili. Tumalize dozi. Na ukikutwa na ugonjwa, mwambie mwenzako siku ileile, hata kama atakasirika. Hasira inapita. Tumbo lililoharibika halirudi.

Tunadai ukweli kwa serikali kila siku. Tuanze kuambiana ukweli sisi kwa sisi.