Usiikate Simu: Maneno Niliyowaambia Jamaa, Minneapolis–Saint Paul



Niliombwa niseme juu ya afya. Afya ni bahari, nami si tabibu. Kwa hiyo nimechagua zile dakika chache tu baina ya mtu kuanguka na gari la wagonjwa kufika mlangoni.

Sisi watu wa pwani tunalo neno sakarati. Mtu akianguka ghafla, akapoteza fahamu, kisha akawa anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma, husemwa kwamba anakata roho. Jamaa humzunguka, mmoja hushika mkono, mwingine huanza kisomo, wa tatu humpigia simu mjomba aliye Columbus au shangazi aliye Toronto. Desturi hii siidharau. Lakini kwa mpokeaji wa simu za 911, mkoromo ule una maana nyingine kabisa: yaelekea moyo umesimama sasa hivi, na ubongo haujafa. Kwetu ni wakati wa kuaga. Kwake ndiyo saa ya kuanza kazi.

Sisemi juu ya mgonjwa aliyelala miezi mingi, ambaye yeye na madaktari wake wamekwisha kukubaliana la kufanya. Nasema juu ya yule aliyekunywa chai nanyi asubuhi.

Ukipiga 911, taja kwanza mahali ulipo. Kisha utaulizwa mambo mawili: je, ana fahamu? Je, anapumua kama kawaida? Wengi wetu hukasirika hapo, tukidhani tunacheleweshwa kwa maswali kama kwenye madawati ya idara za serikali (nami nilikaa nyuma ya dawati la namna hiyo kwa miaka mingi, nalijua). Sivyo. Gari hutumwa huku mazungumzo yakiendelea. Na ukiulizwa juu ya pumzi, usijibu “ndiyo” kwa sababu ya mkoromo. Sema: “Anakoroma, pumzi zimeachana.” Jibu hilo laweza kuamua kila kitu.

Majibu yakiwa hayo, sauti itakuambia umlaze chali sakafuni, uweke kiganja katikati ya kifua, na kingine juu yake, ushindilie kwa nguvu na haraka: kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Itahesabu pamoja nawe. Weka simu kwenye spika, usiikate. Mbavu huweza kuvunjika, mbavu huunga.

Kushindilia kifua kulitangazwa na madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1960. Kuwaelekeza watu kwa simu kulifanyiwa utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko King County, jimbo la Washington, na Daktari Mickey Eisenberg na wenzake. Hapa Minnesota, sheria ilitaka kwamba kufikia tarehe 1 Julai 2021 kila kituo cha 911 kiwe na watu waliofundishwa kazi hiyo, au kiihamishie simu kwenye kituo chenye watu hao. Kwa hiyo sauti ipo. Linalobaki ni mikono yetu.

Na mikono yetu ina mambo yake. Mkwe hamgusi mkwe. Kijana haweki viganja juu ya kifua cha mamake mkubwa. Adabu hizo nimelelewa nazo, na nawalea nazo wajukuu. Hata hivyo, kila dakika inayopita pasipo kushindilia hupunguza tamaa ya kupona kwa takriban sehemu 7 hadi 10 katika mia. Nawaomba wazee mliopo mtamke leo, kwa vinywa vyenu, kwamba mmetoa ruhusa. Mimi nimekwisha kumwambia mkwe wangu.

Wengine huogopa kushtakiwa. Sheria ya jimbo hili humkinga anayesaidia bila malipo na kwa nia njema, tena humtaka aliyepo atoe msaada unaofaa, angalau kwa kuwaita wenye kazi hiyo.

Kuhusu lugha: mkalimani huweza kuunganishwa kwa simu, lakini kumpata kunakula muda. Basi kila mzee ajifunze kutamka kwa Kiingereza anwani ya nyumba anamokaa, na neno “Swahili”. Kukiwa na mtoto, yeye ashike simu. Tangu mwaka wa shule wa 2014–15, shule za hapa hutakiwa kuwafundisha wanafunzi kazi hii walau mara moja kati ya darasa la 7 na la 12. Huenda mjukuu wako anaijua kuliko wewe.

Baada ya chakula, binti zetu wauguzi watatandika mkeka pale karibu na dirisha, wakiwa na masanamu mawili ya mazoezi. Naomba wazee watangulie, vijana wafuate.