Nani Amemfundisha Mhandisi Kijana Kusimamisha Kazi?

Mada kwa semina ya wakufunzi wa uhandisi na wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo, Songea



Mwishoni mwa mwaka 2021 nchi yetu ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa IMF: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Darasa la sekondari lilitengewa shilingi milioni 20, na kazi ilitakiwa iishe Desemba. Kiasi kilikuwa kilekile, uwe mjini au kijijini ambako kila mfuko wa saruji umeongezewa nauli ya lori. Utaratibu mnaujua, force akaunti: mkandarasi hayupo, kijiji kinaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, fundi wa jirani anapewa kazi, na mhandisi wa halmashauri anasimamia.

Mhandisi huyo ana saiti nyingi kuliko siku za wiki. Siku zege la mkanda linapomwagwa, msomi pekee aliyepo huenda akawa kijana wa fildi, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Anaona ndoo za mchanga zinaongezeka huku saruji ikibaki mfuko uleule. Uwiano anaujua, aliufanyia mtihani na akafaulu. Lakini fundi ni wa rika la baba yake, na anamwambia, "Mwanangu, huku ndivyo tunavyojenga, na hela ndiyo hiyo." Nyuma yake yuko mwenyekiti wa kijiji, ambaye watoto wake wanaanza kidato cha kwanza Januari. Hakuna mwizi hapo. Ndiyo maana somo letu la maadili, linalozungumzia rushwa peke yake, halimsaidii kijana huyu hata kidogo.

Mfano wa mbali unatufaa hapa. Agosti 29, 1907, daraja la Quebec, Kanada, lilianguka likiwa bado linajengwa, likaua watu 75. Mhandisi kijana aliyekuwa saiti, Norman McLure, alikwisha kuona vyuma vikipinda, akavipima. Hakuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi, wala hakuyachukua. Alipanda treni kwenda New York kumwona mkuu wake, Theodore Cooper. Cooper akapeleka simu ya maandishi kuzuia uzito usiongezwe, lakini haikupelekwa saiti, na daraja likaanguka siku ileile. Vipimo vya kijana vilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni njia ya neno lake kufika kwa waliokuwa juu ya vyuma.

Sisi nasi tunayo yetu. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ilikuwepo tangu 1997, na Bodi yake ilikuwepo. Wahandisi wetu wanakula kiapo, na mimi nakiheshimu. Ila kiapo kinakuja baada ya kusajiliwa, wakati tabia ya kunyamaza imeshajengeka tangu fildi.

Tabia hiyo tunaijenga sisi. Anayemsimamia mwanafunzi saiti ndiye anayesaini kitabu chake cha kumbukumbu na kumpa alama. Mwanafunzi akiandika kwamba zege la Jumanne halikupimwa, anamshtaki mtu mwenye alama zake mkononi. Basi anaandika "tuliendelea na kazi ya mkanda," na sisi tunamsahihishia vizuri! Tusimlaumu kwa woga tuliompangia wenyewe.

Napendekeza kila mwanafunzi wa fildi awe na taarifa ya pili, fupi, anayoipeleka moja kwa moja kwa mkufunzi wa chuo: alichoona, alichopima, aliyemwambia, na alichojibiwa. Chuo nacho kipeleke kwa mhandisi wa halmashauri jambo lolote linalogusa usalama, kwa jina la chuo, si la mwanafunzi.

Pendekezo la pili litawakera baadhi yenu. Mwanafunzi asimame mbele ya mkutano wa kijiji, aeleze mchoro wa jengo kwa Kiswahili cha kueleweka: nondo zinakaa wapi, zege linamwagiliwa siku ngapi, mfuko mmoja unachukua ndoo ngapi za mchanga. Nimesikia hoja kwamba wananchi watajifanya wahandisi. Hapana. Wanakijiji wanachangia mawe, mchanga na nguvu zao, na kamati ya mapokezi inasaini kupokea vifaa. Mtu anayesaini ana haki ya kujua anachokisaini. Na mama aliyeelewa hesabu ya ndoo atakuwepo saiti siku ambayo mhandisi hayupo.

Katika mtihani pia, tuache kuuliza "taja kanuni za maadili." Tumpe mwanafunzi darasa lile la milioni 20, fedha zimebaki za mifuko 10 na mkanda unataka zaidi, shule inafunguliwa baada ya wiki tatu. Aandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri. Barua hiyo ndiyo isahihishwe.

Naiomba semina hii iazimie taarifa ya pili ianze na wanafunzi wanaokwenda fildi mwaka huu, na wawakilishi wa halmashauri mliomo humu mtutajie leo ofisi itakayozipokea.