Dawa Bila Daftari: Je, Umri wa Mitishamba Unathibitisha Usalama Wake?



Katika warsha moja ya tiba asili, mtaalamu ninayemheshimu alisimama akasema kwamba dawa iliyotumiwa na mababu kwa mamia ya miaka haina haja ya kupimwa usalama, kwa kuwa miaka yenyewe ndiyo maabara. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hoja hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwamba miti ina dawa, sitawapotezea muda. Kwinini ilitoka kwenye magome. Artemisinini ilitoka kwenye pakanga, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Tuzungumzie hiyo miaka.

Mgonjwa akinywa mzizi jioni akafa alfajiri, kijiji kizima kitajua, na mzizi ule hautachimbwa tena kwa ajili ya tumbo. Hapo mababu walikuwa hodari. Lakini mzizi ukila figo polepole, mtu akavimba miguu miaka mitano baadaye, nani atakumbuka alikunywa nini? Watasema karogwa, watasema presha, watasema ndiyo ahadi yake imefika.

Tazameni mimea ya jamii ya Aristolochia, iliyotumiwa kama dawa Uchina na Ulaya kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja ya Brussels walianza kufika hospitali figo zikiwa zimekufa. Katika dawa zao nafasi ya mmea mmoja wa Kichina ilikuwa imechukuliwa na mwingine, Aristolochia fangchi. Walioathirika walizidi 100. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo na mirija ya mkojo kama kinga: 18 tayari walikuwa na saratani. Karne zote zile hazikuwa zimetamka neno.

Mwenzangu wa ile warsha atajibu kwamba Brussels walichanganya mimea, babu asingekosea. Basi atueleze habari za mabonde ya mito inayoingia Danube, ambako wakulima waliugua figo kizazi baada ya kizazi kabla haijafahamika kuwa mbegu za Aristolochia, gugu la mashambani kwao, zilikuwa zikiingia kwenye ngano yao. Hapo hapakuwa na duka wala mfanyabiashara. Na Brussels chanzo kiligunduliwa kwa sababu iliyo wazi: kliniki ilikuwa na mafaili.

Hapa naomba mnivumilie, maana nakipenda mno kitabu cha William Withering, daktari wa Uingereza, kilichotoka mwaka 1785. Aliombwa maoni kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire aliyekuwa akitibu watu waliovimba mwili kwa maji. Ilikuwa na mitishamba ya aina 20 au zaidi. Withering hakucheka, wala hakupiga magoti. Alitambua kuwa nguvu iko katika mmea mmoja, digitalisi, kisha akafanya kazi inayochosha: kuchuma majani yake kwa msimu maalumu, kuyakausha, kuyasaga, kuyapima, na kuandika mgonjwa mmoja baada ya mwingine kwa takriban miaka kumi, wakiwemo waliomharibikia. Dalili fulani zikianza, alisema, acha dawa mara moja. Kila mwaka nawasomesha wanafunzi kurasa za walioharibikiwa, nao kila mwaka wanalalamika.

Kwetu kipimo kilikuwepo; kilichokosekana ni maandishi. Marehemu shangazi yangu kule Korogwe alitibu mchango na degedege. Kipimo chake kilikuwa kiganja cha mgonjwa, si chake yeye. Kwa hiyo mtoto alipata unga kidogo, mtu mzima akapata mwingi. Hiyo ni famakolojia safi. Nilipomuuliza ni wangapi hawakupona, alinijibu, "Wasiopona, mwanangu, hawarudi kuniambia."

Hata Loliondo mwaka 2011, pale Samunge, maelfu walikunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, mwenye kisukari na mwenye VVU kikombe kilekile. Waliojisikia nafuu walisimulia redioni. Walioacha vidonge vyao kisha wakazidiwa, walizidiwa makwao.

Nakiri kwamba hata daftari la wagonjwa, kama la Withering, halithibitishi kwamba dawa inaponya. Homa nyingi huisha zenyewe, na bila kundi la kulinganisha hatuwezi kujua. Wenzangu wa takwimu wamenikumbusha hivyo mara nyingi, na wako sahihi. Hata hivyo nashikilia: kabla ya mashine nyingine ya maabara kununuliwa, kila mganga aliyesajiliwa chini ya sheria yetu ya tiba asili ya mwaka 2002 apewe daftari. Humo aandike sehemu ya mti, kiasi, siku ya kumfuatilia mgonjwa, na dawa za hospitali anazotumia. Hilo la mwisho msilidharau: katika jaribio moja la Marekani, vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza sakwinaviri, dawa ya VVU, kwa takriban nusu katika damu ya watu wazima wenye afya. Kitunguu saumu hikihiki cha pilau.

Waganga watahofia siri zao. Badala ya jina la mti, mganga na aandike alama anayoijua mwenyewe. Kiasi alichotoa na hali ya mgonjwa baada ya mwezi si siri ya ukoo wa mtu.