KAMERA NA TAFAKURI: TAZAMA KWANZA, NDIPO UPIGE PICHA

(Mada iliyotolewa baada ya swala ya Alasiri katika darsa la vijana, Migori, mwezi wa Ramadhan. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.)



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, wazee wetu, na akina mama mlioko nyuma ya pazia, mimi si sheikh. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu niliyesoma madrasa hapa hapa Migori, na maalim aliyenifundisha alifu na be ameketi hapo mbele, kwa hivyo nikikosea atanirekebisha. Nimeombwa nizungumzie jambo ninalolipenda, yaani kupiga picha za maumbile: je, laweza kumkurubisha mtu kwa Mola wake, au ni mchezo tu wa kupitishia saumu?

Tumeitwa tutazame

Katika Suratul Ghaashiya tunaulizwa kwa nini hatumtazami ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Katika Suratul Mulk tunaambiwa turudishe macho tena na tena tuone kama tutapata kasoro. Sura hiyo hiyo inatuonyesha ndege wanaokunjua na kukunja mbawa zao angani, na hakuna anayewashikilia ila Mwingi wa Rehema.

Sasa, hapa kwetu ngamia hatuna. Lakini tuna mto Kuja ukishuka kwenye maporomoko ya Gogo. Tuna kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila saruji wala udongo na bado zimesimama mamia ya miaka. Ukienda upande wa Homa Bay tuna milima ya Gwassi, na ziwa ambalo jua huzama ndani yake karibu saa moja kasorobo, wakati sisi tumeshika tende mkononi. Ni nani kati yetu aliyerudisha jicho mara ya pili? Tunapita na matatu, vichwa vimeinama kwenye simu.

Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi nuru kwenda kwenye kitu. Ni nuru inayotoka kwenye kitu ndiyo inayoingia jichoni. Alifanya majaribio ya nuru inayopenya tundu dogo na kuingia chumba chenye giza, na kamera hufanya kazi kwa msingi huo huo. Mimi nimelichukua hilo kama somo la adabu. Mwenye kamera hadhani kwamba anachukua kitu. Yeye ni mpokeaji, na mpokeaji hutulia.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini picha si haramu?" Swali zuri. Maulamaa wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliona picha ya kamera ni kukizuia kivuli tu, si kuumba sura. Wengine wakaikataza picha ya kila chenye roho ila kwa dharura. Ama miti, milima na maji, Ibn Abbas (R.A.) alimruhusu mchoraji achore miti na visivyo na roho. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, na anayejiepusha asichekwe.

Yaliyonipata Simbi

Nataka niwape kisa changu mwenyewe, na sioni fahari kukisimulia.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la mviringo, maji yake ya magadi na rangi ya kijani, linaitwa Simbi Nyaima. Wataalamu wanasema ni shimo la volkano. Wazee wa pale wanasema palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa katika karamu na ngoma, akaja bibi kizee akiomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Bibi akamwambia aondoke naye, na walipokwisha toka mvua ikanyesha, kijiji kikazama na watu wake. Hiyo ni hadithi ya wazee, si aya wala hadithi ya Mtume, lakini mafunzo yake mnayaona.

Ramadhan ya mwaka juzi nilikuwa Kendu Bay kwa mama. Alasiri moja nikateremka Simbi na kamera niliyoazimwa. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, walikuwa wamekaribia ukingo. Wallahi nilitetemeka. Nikapiga goti, jicho kwenye kamera. Nyuma yangu nikasikia sauti: "Nyakwara, nishikie baiskeli." Yaani mjukuu wangu. Alikuwa mzee, mtungi wake wa maji umeteleza kutoka kwenye kiti cha nyuma. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mzee." Sikugeuka hata kumwangalia. Ndege wakaruka, nikapiga picha nyingi mfululizo. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshajifungia mtungi wake na anapanda kilima pole pole, anasukuma.

Picha ilitoka nzuri, mashallah. Chuoni wakaisifu, nami nikafurahi kusifiwa. Nilipomwonyesha mama zote, akafika kwenye moja niliyopiga wakati ndege wanazunguka, kamera ikiwafuata. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Huyu anayehangaika na mtungi ni nani?" Kwenye pembe ya picha alikuwemo yule mzee, ameinama, mkono mmoja umeshika baiskeli isianguke. Sikuwa nimemwona. Nikaeleza. Mama akaniuliza neno moja tu: "Na siku hiyo ulikuwa umefunga?"

Ndugu zangu, Suratul Kahf inatueleza juu ya daftari lisiloacha dogo wala kubwa. Mimi siku hiyo nilionja kidogo tu maana yake, kwa kipande cha kioo kilichorekodi nisichokitaka. Nilikuwa ukingoni mwa ziwa lile lile ambalo kisa chake ni mzee aliyefukuzwa, nikimpuuza mzee, kwa jina la kutafakari maumbile! Nilirudi Simbi mara mbili kumtafuta nimwombe radhi. Sikumpata. Mkienda pande hizo na mkakutana na mzee wa baiskeli, msaidieni, huenda ni yeye.

Kuanzia hapo nimeelewa kwamba tafakuri inapimwa kwa hali ya moyo wako ukishainua jicho. Ukitoka kuangalia ndege wa Allah ukamwona mja wa Allah mdogo, hukuangalia kitu.

Tufanyeje?

Kwanza, ukifika mahali, keti. Acha kamera mfukoni kwa muda wa kusoma tasbihi thelathini na tatu. Sikiliza na utazame, ndipo uitoe.

Pili, jiwekee kiasi. Mimi sasa napiga picha chache, hazizidi kumi kwa siku. Saumu inatufundisha kuacha hata cha halali kwa wakati wake, na kidole nacho kifunge.

Tatu, usidhuru. Ukienda mbuga ya Ruma, kule bonde la Lambwe, utawatafuta korongo. Simaanishi ndege, nasema wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma. Kenya nzima wamebaki pale tu, na sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15. Na mbayuwayu wa buluu, ambaye hufika Ruma kutoka kusini karibu mwezi wa Aprili, ni adimu vile vile. Hao ni amana. Usiwafukuze ili upate picha, ufuate maagizo ya askari wa mbuga. Na mtu usimpige picha bila idhini yake.

Nne, adhana ikilia, jua lizame bila picha yako. Litazama tena kesho, inshallah.

Tano, kabla hujaiweka kwenye wasapu, jiulize unataka watu waseme "Subhanallah" au waseme "fulani ni fundi". Riya ina njia nyembamba za kuingilia. Picha yangu ile ya heroe nimeitoa mahali pote nilipoiweka. Niliyobaki nayo, na ndiyo iliyo kwenye simu yangu mpaka leo, ni ile ya mzee na mtungi.

Namwomba Allah atujaalie macho yenye kuona na nyoyo zenye kuzingatia, azikubali saumu zetu, na amlipe heri mzee yule popote alipo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.