Taka Zikitoka Mlangoni Bado Ni Zetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka, Masimba



Nitasema machache juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni taka. Sikuja kumlaumu mtu. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa nikimlipa kijana mmoja mwenye mkokoteni azoe taka za nyumba zangu za kupangisha. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya wengine, wala sikumwuliza azipeleka wapi. Asubuhi moja baada ya mvua nilishuka bondeni penye chemchemi ambapo jirani zetu huteka maji. Nikakuta rundo la taka limemwagwa juu yake kidogo, na ndani ya rundo hilo nikaliona daftari la mwanangu, jina lake limeandikwa waziwazi. Niliona haya. Aliyetupa ni kijana yule, lakini aliyemlipa ni mimi.

Ndugu zangu, nchi yetu ya Gusii ni ya vilima, na mvua zake ni nyingi. Kinachotupwa juu hakikai juu. Maji hukichukua mpaka chemchemini na vijitoni, na vingi vya vijito vyetu huteremkia Mto Gucha, ambao huishia katika Ziwa Victoria. Kwa hiyo mwenye kutupa taka gizani huwatupia watu asiowajua, na mara nyingi huwatupia watoto wake mwenyewe.

Wala madhara si harufu na nzi tu. Tazameni jaa la Dandora, Nairobi, lililoanza kutumika mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini taka ziliendelea kumwagwa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa hilo: nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa. Sisi hatuna jaa kubwa kama lile, lakini betri, dawa zilizoharibika na makopo ya sumu ya mifugo hutoka katika nyumba zetu pia.

Sheria nayo haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kazi ya kuondoa taka imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Tena kanuni za taka za mwaka 2006 zilimpasa kila mwenye taka kuhakikisha kwamba anamkabidhi mtu mwenye leseni, azipeleke mahali palipoidhinishwa. Basi udhuru wangu wa kusema, “Nilikwisha kumlipa mtu,” haukuwa udhuru.

Je, tutamjuaje mzoaji wa halali? Nawaombeni tumwulize mambo manne kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza, leseni yake i wapi? Atuonyeshe ile ya Mamlaka ya Mazingira, ambayo watu huiita NEMA, nasi tutazame jina na tarehe, kwani leseni iliyokwisha si leseni. Pili, azipeleka taka wapi? Ataje mahali, nasi tuulize katika ofisi ya kaunti kama pamekubaliwa. Tatu, gari lake limefunikwa, au hupukutisha taka njia nzima? Nne, atoa risiti yenye jina lake? Mtu anayekuja usiku, asiyetaka kuandika kitu, na ambaye bei yake haitoshi hata mafuta ya kufika jaani, huyo amekwisha kujibu.

Lakini kabla ya kumlipa mzoaji, tupunguze mzigo wenyewe. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka za kuoza zitengwe na zisizooza. Kwetu jambo hili si geni: maganda ya ndizi na majani ya mboga mama zetu wamekuwa wakiyarudisha shambani yawe mbolea. Tukifanya hivyo, kitakachobaki ni kidogo, na gharama yake itapungua.

Wako watakaosema kwamba mzoaji mwenye leseni ni ghali. Ni kweli, hudai zaidi. Lakini nyumba kumi zikijiunga na kumwita siku moja, kila mmoja hulipa kidogo. Chama chetu kilianzishwa ili tusaidiane. Haya nayo ni kusaidiana. Na wale vijana wa mikokoteni tusiwafukuze: wajiunge, waombe leseni, nasi tuwe wa kwanza kuwapa kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Bwana Mwenyekiti, naomba Kamati iandike majina ya wenye nyumba za kupangisha walio tayari kujiunga. Jina langu liwe la kwanza. Rundo lile la chemchemini nimekwisha kuliondoa, na gharama yake ilizidi yote niliyodhani nimeokoa.