Ardhi ya Mokowe ni ya Nani?



Ajaye Lamu kwa barabara hushukia Mokowe, kisha hupanda boti kuvukia kisiwani. Akiuliza mji ule na makonde yaliyo nyuma yake ni ya nani, huambiwa ni ardhi ya Serikali, na wakaao humo ni maskwota. Jibu hilo tunalikataa.

Mwaka 1908 wakoloni walipitisha sheria iliyomtaka kila mwenye ardhi pwani ajitokeze kuidai. Isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Mkulima wa Kibajuni, aliyeacha konde lipumzike na kulima jingine, angeonyesha karatasi gani? Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mali ya Mfalme ilirithiwa na Serikali. Kisha vita vya Shifta vikawang'oa Wabajuni wengi katika vijiji vyao vya ng'ambo. Wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wapo waliodhani vyama vingi vingetosha kulinyosha jambo hili. Havikutosha. Ujenzi wa bandari ulipozinduliwa mwaka 2012, wenyeji walilazimika kwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Hukumu njema, lakini fidia ile ilikuwa ya bahari, si ya konde.

Njia ya konde imo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 63 kinataja ardhi ya mababu kuwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yaeleza utaratibu: jamii ikutane, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, itunge kanuni, ipeleke maombi kwa msajili.

Wapo kati yenu mliofika, au wazazi wenu, kwa mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta wa miaka ya 1970. Dai hili halimfukuzi mtu. Atakayewaambia ni vita vya Mwislamu na Mkristo anatafuta kura, na pengine anatafuta ploti.

Tunaloomba ni dogo. Kila kanisa na kila msikiti utupe vijana wawili wajuao kuandika, waketi na wazee ambao bado wanakumbuka, waorodheshe visima, makaburi na miembe ya kale, kijiji kwa kijiji.