Mguu haupo, maumivu yapo

Maneno ya komite ya afya mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Mkutano uliopita swali moja lilitoka huko nyuma, na watu wakacheka: mfuko wa wagonjwa utatoaje pesa ya dawa ya mguu ulioshakatwa? Wenzetu waliokatwa viungo wakati wa vita walikuwa wamekaa hapahapa. Hawakucheka. Tumeomba nafasi leo tujibu lile swali, kwa sababu kura ya mfuko ni leo.

Wanasema vidole vinawachoma usiku, na hivyo vidole havipo. Hawadanganyi, hawajalogwa, na akili yao ni nzima.

Tuanzie kwa mguu mzima. Ukikanyaga mwiba, ncha za mishipa ya fahamu ndani ya ngozi zinageuza lile jeraha kuwa umeme mdogo. Umeme unapanda kwa uzi mwembamba kuliko unywele mpaka uti wa mgongo. Uzi mmoja tu, chembe moja ya mwili, na kwa mtu mzima unaweza kupita mita 1! Lakini nyuzi hazina mwendo mmoja. Zile za kugusa zinakimbia mita 30 mpaka 70 kwa sekunde. Zile za maumivu ya kuunguza hazipiti mita 2. Si munajua vile inakuwa ukijigonga kidole kwenye jiwe gizani? Kwanza unajua umegonga, unapata hata nafasi ya kusema "mama weee", alafu moto wenyewe unafika nyuma.

Ndani ya uti wa mgongo, habari ya maumivu inapokelewa na chembe nyingine, inavuka upande wa pili, inapanda mpaka kituo cha katikati ya ubongo, kisha inafika kwenye gamba la ubongo. Ya mguu wa kushoto inasomwa kulia. Na pale kwenye gamba kila kiungo kina mahali pake. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, miaka ya 1930, alikuwa anapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho (ubongo wenyewe hausikii kisu). Akigusa mahali fulani kwa umeme kidogo, mgonjwa anasema: nasikia kitu kidoleni. Kumbe kidole hakuna aliyekigusa.

Waliokaa Lugufu wanakumbuka barua za Msalaba Mwekundu. Kambi ilifungwa 2009. Lakini leo ukipewa barua iliyoandikwa juu "Lugufu", utasema habari inatoka Lugufu, hata kama mwandishi amekaa hapa Baraka. Ubongo uko vile. Hauuoni mguu, unasoma barua imepita njia gani.

Sasa, ukikata mguu, mshipa haufi wote. Ncha yake inabaki ndani ya kigutu, inachipuka, inafanya kama fundo, na lile fundo linatuma umeme lenyewe bila kuguswa. Tena uti wa mgongo na ubongo, vikishapata maumivu mengi, vinaweza kubaki vikali, na ile sehemu ya ubongo iliyokuwa inasoma mguu ingali pale. Ndiyo maana kukata tena kigutu juu zaidi mara nyingi hakuponyi. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, alikuta haya kwa askari wa vita vyao vya 1861 mpaka 1865, na 1871 akayapa jina la kiungo-mzimu. Jina hilo hatulipendi, hapa kwetu litapeleka watu mbiombio kwa wafukuza mapepo. Sisi tuseme tu maumivu ya kiungo kilichokatwa.

Dawa? Parasetamoli mara nyingi haitoshi. Kuna dawa za mishipa kama amitriptilini, inayomezwa usiku kidogo kidogo. Inaleta usingizi na kukausha mdomo, haichanganywi na pombe, na haifai kwa kila mtu, kwa hiyo muganga ndiye anaiandika, si duka la sokoni. Kusugua kigutu kunasaidia wengine, na kuvaa mguu wa bandia pia. Kisha kuna kioo: unakisimamisha kati ya miguu, unachezesha mguu mzima huku ukiangalia sura yake kwenye kioo, ubongo unaona kama miguu yote iko. Ni mbinu ya daktari Ramachandran, ya miaka ya 1990. Hairudishi mguu na haisaidii wote, lakini kioo hakina sumu. Kigutu kikitoa usaha au kikivimba, hiyo ni kazi nyingine, uende kituo cha afya siku ileile.

Mwenye sukari au ukoma yeye ana shida ya kinyume: barua haitumwi kabisa, anaweza kutembea na msumari mguuni bila kujua. Huyo aangalie nyayo zake kila jioni. Tutarudi kwa hiyo siku nyingine.

Tunachoomba leo ni viwili. Maumivu ya kiungo kilichokatwa yaandikwe kwenye orodha ya magonjwa ya mfuko, na mwenye karatasi ya muganga alipwe kama mwenye malaria anavyolipwa. Na mfuko ununue kioo kimoja kirefu kikae ofisini, chumba cha nyuma, wenye kuhitaji wakitumie mlango ukifungwa.

Wanaokubali wanyanyue mkono.